Ganda la Yai Nalo Lina Kauli

Wazee wangu shikamooni. Na nyinyi vijana wa kidato cha sita mliojibanza nyuma, sogeeni, viti vipo.

Huwa tunafundisha, hapa Tanga na kwingineko, kwamba jeni ndizo zinazoamuru seli ipi iwe utumbo na ipi iwe ngozi. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Seli humsikiliza pia jirani yake, na ujirani huo unategemea umbo la ganda zilimobanana.

Yuko mnyoo wa udongoni aitwaye Caenorhabditis elegans, mzima wake ana milimita 1 tu. Yai lake ni la duaradufu, mikromita 50 kwa 30 hivi. Seli zikifika 4 hazina pa kujinyoosha. Husukumana mpaka zikakaa umbo la rombasi. Machungwa ya Muheza ndani ya tenga, nani aliyapanga moja moja? Tenga lenyewe. Ila machungwa hayashikani, seli hunatana, na mwaka 2017 watafiti Yamamoto na Kimura wa Japani walionyesha kuwa mpangilio hauelezeki bila kutia mnato huo hesabuni. Ganda likiwa refu kupita kawaida, seli 4 hukaa mstari mmoja.

Sasa utamu wenyewe. Kati ya seli hizo 4, ya nyuma, iitwayo P2, inagusana na iitwayo ABp lakini haimfikii pacha wa ABp, yaani ABa. Mguso huo ndio unaowapa pacha hao kazi tofauti. Mwaka 1987 watafiti Priess na Thomson waliwasukuma pacha hao kwa sindano wakabadilishana nafasi, na mnyoo akakua salama salimini! Aliyeangukia ubavuni mwa P2 ndiye aliyeshika kazi ya ABp. Hakuna aliyeuliza jina.

Na yule kiumbe wa baharini mwenye miiba, kwa Kiingereza sea urchin, anayewachoma waogeleaji hapa Raskazone? Ndugu zake wa Ulaya ni wakaidi zaidi. Mwaka 1892 mwanabiolojia Mjerumani Hans Driesch aliyabana mayai yao kati ya vioo, seli 8 zikatanda bapa badala ya kukaa tabaka mbili. Alipoondoa vioo, lava, yaani watoto wachanga wa kiumbe huyo, wakakua kama kawaida. Mshangao wa majaribio ya namna hiyo ulimfikisha baadaye kudai kuwa uhai una nguvu yake isiyoelezeka kwa fizikia.

Huko mimi simfuati. Haya, nani ana swali?