Pima gari kwanza, GPS baadaye: gari-nyumba letu hapa Uingereza

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Leo nimekaa ndani ya gari hapa uani kwetu, Cambridgeshire. Mvua imekatika sasa hivi, na hapo nyuma yangu mnaona kitanda hakijatandikwa, tumelala humu humu jana kujaribu hita. Kwa ambaye ndiyo kwanza anaingia kwenye chaneli hii: hili ni gari-nyumba. Ni Fiat Ducato, kwa asili gari la mizigo, halafu nyuma limejengewa vitanda, jiko la gesi, sinki na choo. Magari-nyumba mengi ya huku Ulaya yamejengwa juu ya Ducato hiyo hiyo.

Video iliyopita mliniuliza sana kuhusu hiki kifaa cha GPS hapa mbele, hiki chenye kioo kinachonionyesha njia. "Kaka, si una simu? Ya nini tena kununua GPS?" Swali zuri, na nalijibu kwa kirefu maana jibu lake karibu lilitugharimu paa.

Wiki ya kwanza tulikuwa tunatumia simu. Nimeiweka kwenye kishikio cha kikombe, sauti juu, twende. Simu ikatutoa barabara kubwa, ikatuingiza njia ya kijijini, nyembamba, ua wa miti pande zote. Tunakata kona, mbele daraja la reli la matofali, la zamani, na kibao cha duara chekundu: futi 9 na inchi 3. Hiyo ni kama mita 2.82. Karatasi niliyopewa na aliyeniuzia gari ilisema urefu wa kwenda juu ni mita 2.75. Kwa hesabu hiyo napita, na inabaki nafasi ya vidole vinne. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye mafuta.

Shemeji yenu akasema, "Simama. Na lile dishi la juu nalo lilihesabiwa?"

Nikasimama. Akashuka kwenye matope, akaenda akasimama chini ya daraja, akatazama juu, akatazama paa letu, akarudi anatikisa kichwa. Mwenye gari wa kwanza alifunga dishi la televisheni juu ya paa miaka baada ya ile karatasi kuandikwa. Ilibidi nirudi rivasi zaidi ya mita mia, magari matatu nyuma yetu, shemeji yenu katangulia kwa miguu anayasimamisha na kunionyesha mkono.

Marehemu baba aliendesha lori Dar mpaka Tunduma. Alikuwa akisema gari bila utingo ni nusu gari. Dereva anaona mbele. Utingo ndiye anajua mzigo umezidi wapi, turubai limefunguka wapi, waya wa umeme umelegea wapi. Kabla ya kushuka mteremko wa Kitonga, utingo anazunguka gari zima kwanza. Siku ile pale darajani nilielewa kwamba nilichokuwa nacho kwenye kishikio cha kikombe ni mtu anayejua njia lakini hajawahi kuliona gari langu. Simu ilidhani naendesha gari dogo. Hakukuwa na mahali pa kuiambia vinginevyo.

Kwa hiyo kabla sijafika kwenye kununua, nataka mwone nilivyopima, kwa sababu hata kifaa cha bei gani, ukikiandikia namba ya uongo kitakupitisha kwa uongo huo huo.

Niliegesha kwenye zege lililo sawa, upepo wa matairi umekamilika, tangi la maji tupu. Gari tupu linasimama juu kidogo kuliko lililojaa, na mimi nataka ule urefu wa juu kabisa. Nikapanda ngazi. Kitu kirefu kuliko vyote ni lile kuba la plastiki linalofunika dishi. Nikalaza juu yake ubao ulionyooka, ukachomoza nje ya ubavu wa gari, na juu ya ubao nikaweka pimamaji, hii hii ya mafundi ujenzi. Shemeji yenu akashika ncha ya futi chini kwenye zege, mimi juu nikasogeza ubao mpaka kile kipovu kikatulia katikati. Sentimita 294. Tukarudia mara tatu, 294. Karatasi ilisema 275! Sentimita 19 hizo ndizo zingetugongesha pale darajani, tukaacha dishi na kipande cha paa.

Nikaongeza sentimita sita za usalama, nikaandika mita 3.00. Hii hapa, nimeibandika kwenye kizuia jua, mbele ya macho: mita 3.00, futi 9 na inchi 11 kwa kukadiria juu. Nimeandika zote mbili kwa sababu vibao vya huku vingine vina mita na futi, na vile vya zamani vina futi na inchi peke yake, na hesabu ya kubadilisha huwezi kuifanya ukiwa mwendoni. Ely, mji ulio jirani nasi, una daraja la reli barabara ya Stuntney, kibao chake ni mita 2.7. Ni miongoni mwa madaraja yanayogongwa mara nyingi kuliko yote Uingereza. Na wanaoligonga ni madereva wenye leseni na uzoefu.

Upana nao pimeni mpaka ncha ya vioo vya pembeni. Bodi yangu ni mita 2.30, na vioo inakuwa 2.70. London kuna mitaa imewekewa nguzo za chuma kila upande, ukipita kati ni futi 6 na inchi 6, yaani hata mita 2 hazifiki. Uzito wangu ni kilo 3,500, mwisho wa leseni ya kawaida ya gari dogo. Waliopata leseni hapa kabla ya Januari 1997 wanaruhusiwa mpaka 7,500.

Haya, kununua. Kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya magari-nyumba. Garmin wana Camper, TomTom wana GO Camper. Vyote unaviandikia kimo, upana, urefu na uzito, vikupangie njia inayokufaa, na ndani vina orodha ya kambi za kulala. Hakuna aliyenilipa kusema haya. Nimechukua Garmin Camper 780, iliyokwisha tumika, kioo kama inchi 7. Niliishika pia ya inchi 10. Ni nzuri kuitazama dukani, lakini kwenye gari niliona inanikatia barabara. Kuna rafiki alinishauri nichukue ya malori. Ya malori nayo ina vipimo, ila imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa tani 40, itakukatalia njia nyingi ambazo gari letu linapita bila shida.

Wengi wenu mmeuliza bando. GPS haili bando. Hizo setilaiti ziko juu kilomita 20,200 hivi, zinarusha ishara saa zote, na kifaa kinasikiliza tu, hakijibu kitu. Kikisikia angalau nne, kinajua kilipo. Ramani zenyewe zimo ndani ya kifaa, kwa hiyo hata milimani Scotland, simu haina hata mnara mmoja, kioo hiki kinaendelea. Kinachohitaji mtandao ni kusasisha ramani, na hilo nalifanya nyumbani kwenye waifai kabla ya kila safari ndefu. Usiliahirishe, maana kibao cha kimo kikibadilishwa na wewe una ramani ya miaka minne iliyopita, umerudi kule kule kwa simu.

Sasa kufunga. Hapa ndipo nimepoteza muda mwingi, na hapa ndipo watu wengi wanabandika popote penye nafasi.

Mara ya kwanza nilikibandika kwenye kioo cha mbele kwa ule mguu wa mpira unaofyonza. Kwenye gari la kawaida hauna neno. Lakini hili watu wanalala ndani! Watu wawili wakipumua usiku kucha kwenye baridi, alfajiri kioo kinachuruzika maji kwa ndani. Saa kumi na moja asubuhi, Norfolk, tukasikia kishindo. Mpira umeachia, kifaa kimedondoka sakafuni. Kilipona. Tena kila jioni tunafunika vioo kwa pazia nene la kuzuia baridi, na ule mguu unazuia pazia kukaa sawa. Na ukiutoa unaacha alama ya duara kwenye kioo, mwizi akipita anajua ndani kuna kitu. Ukiendelea kuutumia mguu huo, futa alama kila mara. Jambo jingine: kioo cha mbele chenye utando wa chuma wa kupasha joto kinaweza kudhoofisha ishara ya setilaiti, kwa hiyo ulizeni kabla.

Kioo cha Ducato kimelala sana na dashibodi yake ni ndefu kwenda mbele. Kifaa kikibandikwa kiooni kinakuwa mbali, mkono haufiki bila kuinama. Nikaamua dashibodi. Lakini wapi? Nilikata boksi, kipande chenye ukubwa wa kifaa, nikakigandisha kwa selotepu, nikaendesha nacho siku mbili. Mahali pa kwanza, kulia karibu na nguzo ya mlango, palionekana pazuri nikiwa nimeegesha. Nilipofika kwenye kipilefti nikagundua kipande cha boksi kinamficha mwendesha baiskeli mzima. Mzima, ndugu zangu, na baiskeli yake. Siku ile ile nikakitoa pale.

Mahali pa pili ni hapa mnapopaona, katikati, chini, kichwa cha kifaa hakizidi ukingo wa chini wa kioo. Macho yanashuka kidogo, yanarudi barabarani. Sheria ya ukaguzi wa magari hapa ipo wazi: sehemu ya kioo iliyo mbele ya usukani, upana wa milimita 290, kitu hakitakiwi kuingia zaidi ya milimita 10; kwingine kote wipa zinapofuta, mwisho 40. Hapa nilipo siingii kabisa. Na Ufaransa, ambako tutaendesha upande wa kulia na usukani wetu kulia, katikati bado ni katikati.

Kisahani cha gundi hiki, kinachobandikwa dashibodini ili kibebe kifaa, msikiharakishe. Dashibodi ilikuwa imepakwa ile polishi ya kung'arisha, gundi haishiki juu yake. Nikaisugua kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikakandamiza kisahani, nikakiacha saa 24 bila kukitundikia kitu. Kifaa chenyewe kinashikwa kwa sumaku, jioni nakibandua kwa mkono mmoja, nakiingiza kabatini.

Waya umepita ukingoni mwa dashibodi. Upande wa abiria sijagusa kabisa, kwa sababu pale chini ya plastiki kuna mfuko wa hewa, na siku ukifumuka chochote kilichobandikwa juu yake kinakuwa risasi ya usoni mwa shemeji yenu. Nawaombeni hili mlizingatie hata kwenye Noah na IST zenu huko. Chaja ni ile ile iliyokuja na kifaa, kwenye tundu la volti 12. Niliwahi kuchomeka waya wa simu, kifaa kinawaka lakini chaji inapungua mpaka kinazima. Isitoshe, kwenye hiki changu antena ya kupokea habari za foleni imo ndani ya waya wake wenyewe. Ukibadilisha waya umeipoteza.

Kushika simu mkononi ukiendesha, hapa faini ni pauni 200 na pointi 6 kwenye leseni. Ufaransa tangu 2012 hawaruhusu kifaa kinachokuonyesha kamera za mwendo zilipo, na Uswisi ndio wakali zaidi, kwa hiyo onyo la kamera nimelizima kabla hatujapanda feri.

Sasa njooni karibu, nisogeze kamera. Naandika: kituo cha treni cha Ely. Natokea upande wa Soham. Kwanza nachagua gari dogo. Mnaona mstari? Unanyooka barabara ya Stuntney, unapita chini ya lile daraja la mita 2.7, na kituo kipo pale pale ukishatoka.

Narudi, nachagua gari-nyumba. Mita 3.00. Subiri... kinafikiri. Haya, tazameni. Kabla ya daraja kimekata kushoto, kimeingia barabara ya mchepuo iliyofunguliwa 2018, kimepanda juu ya mto na reli, kimezunguka, kinaingia mjini kwa upande wa pili. Dakika chache zaidi, gari zima na dishi lake.

Shemeji yenu yupo nje anafunga mitungi ya gesi. Tukifika lile daraja la matofali la siku ile, tutasimama kando na nitawaonyesha kwa kamera alipokuwa amesimama.