Tandiko la sintetiki: anza na mgongo wa farasi, kisha nyonga zako

Haya ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kuna kaka yetu wa Diani, anapandisha wageni farasi ufukweni. Ameniuliza: dada, ninunue tandiko la sintetiki au nijikaze nipate la ngozi?

Kwa mazingira yake, sintetiki, bila kusita. Kwa unyevu ule wa pwani, ngozi usipoishughulikia kila mara inaota ukungu, na jasho na chumvi vinaikausha mpaka inapasuka. La sintetiki unalifuta kwa sponji na maji, unalianika kivulini, basi. Tena ni jepesi.

Ila lipi? Hapo ndipo tukae vizuri, maana anayeumia tukikosea hawezi kusema.

Nipo Walsall, Uingereza, mji wa mafundi matandiko tangu zamani. Hata timu yao ya mpira inaitwa The Saddlers. Thorowgood wanatengeneza ya sintetiki hapa hapa. Mengine mtayakuta sana ni ya Wintec, asili yake Australia. Mengi ya aina hizi yana chuma cha mbele kinachobadilishwa. Sogeeni muone: nalipindua, nafungua skrubu, natoa chuma hiki chenye umbo la V iliyopinduliwa, naweka kipana zaidi. Muda mfupi tu. Ndipo muuzaji anakwambia, hili linamkaa farasi yeyote.

Hapana jamani. Chuma hiki kinabadilisha upana wa mbele peke yake. Fremu iliyo ndani ina mkunjo wake, na huo haubadiliki. Farasi mwenye mgongo ulionyooka ukimwekea fremu iliyokunjika, tandiko linabembea mbele na nyuma kama mtumbwi. Aliyebonyea mgongo ukimwekea fremu iliyonyooka, linamgusa mbele na nyuma tu, katikati pana uwazi, na uzito wako wote unamkandamiza sehemu chache. Baada ya muda utaona manyoya meupe yameota pale pale. Ukiyaona kwa farasi wako, chunguza tandiko leo, usingoje.

Kwa hiyo lijaribu bila kitambaa chini. Liweke mbele kidogo, lisukume nyuma taratibu mpaka litulie lenyewe. Bega la farasi hurudi nyuma kila anapotupa mguu mbele, kwa hiyo fremu ikae nyuma ya bega, isiwe juu yake. Upande wa nyuma, lisivuke ubavu wa mwisho. Fuata ubavu huo kwa vidole mpaka juu mgongoni. Juu ya kinundu cha mabega pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, na mfereji wa katikati chini ya tandiko uwe wazi mwanzo hadi mwisho, uti wa mgongo usiguswe. Kisha mpandaji apande, mpime tena. Nafasi ya vidole huweza kutoweka mtu akishakaa, na hapo ndipo wengi wanadanganyika.

Sasa wewe mpandaji. Kikalio cha tandiko kikiwa kidogo unasukumwa nyuma, unaelemea kiuno cha farasi, pasipo na mbavu za kubeba. Ukikaa, nyuma yako ibaki nafasi ya upana wa kiganja hivi, na goti lisitoke mbele ya bawa la tandiko, yaani kile kipande cha pembeni kinachokaa chini ya mguu wako. Mwenye mapaja marefu anahitaji bawa lililokwenda mbele zaidi, hata kama kikalio kinamtosha. Dada zangu, nyonga zikiwauma baada ya kupanda, msivumilie tu: huenda sehemu ya tandiko inayokaa kati ya mapaja ni pana mno kwenu. Lakini kikalio kikubwa kisipoenea mgongo mfupi wa farasi wako, usimlazimishe. Tafuta tandiko lingine, au farasi mwingine wa kupanda.

Yaliyotumika ni bei nafuu, ila yakagueni. Shika mbele na nyuma, vuta kana kwamba unalikunja. Likilia au likilegea katikati, huenda fremu imevunjika, liacheni hata likiwa la bure.

Kaka wa Diani, kabla hujatuma hela: chukua waya mnene unaokunjika, ulaze juu ya mgongo wa farasi nyuma tu ya bega, uubonyeze ufuate umbo lake, kisha uchore kwenye karatasi. Chora mwingine katikati, na mmoja kwa urefu, kuanzia kinundu kwenda nyuma. Weka rula kando ya michoro, piga picha, nitumie. Nitakwenda nayo dukani.