Dubwi Halina Kumbukumbu

Mbukwenyi, ndugu zangu! Viongozi wa kijiwe wameniomba nieleze dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, linavyofanya kazi, na kama kuna namna ya kulichagua. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sijaja kumsimanga mtu. Niliwahi kuacha humo nauli ya kunirudisha Kibaigwa.

Hapa Majengo nasikia sana: "Lile la pembeni limeshiba, limekula tangu asubuhi, saa hizi linatapika." Hakuna kitu kama hicho. Liberty Bell, mashine ya zamani ya aina hii aliyoiunda Charles Fey kule San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa ya springi na magurudumu matatu, na hata hiyo haikukumbuka imekula nini. Za leo zina chipu inayozalisha namba mfululizo, hata kama hakuna anayecheza. Ukibonyeza, inachukuliwa namba ya nukta ile ile, kazi imekwisha. Matunda yanayozunguka baada ya hapo ni mapambo.

Sasa ujanja wenyewe uko hapa. Magurudumu matatu yenye picha 20 kila moja yana michanganyiko 8,000. Mtu anajipigia hesabu: jekpoti si mbali. Lakini mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza Marekani ya mashine ambayo gurudumu lake halisi limo ndani ya kompyuta. Hilo usiloliona tuseme lina nafasi 64, na picha ya zawadi kubwa imepewa nafasi moja tu. Zidisheni: 64 kwa 64 kwa 64. Ni mara 1 kati ya 262,144! Macho yanahesabu 20, mfuko unacheza na 64. Tena nafasi nyingi zinaweza kurundikwa juu na chini ya picha hiyo, ndipo unapiga kelele "nimeikosa padogo!" Padogo wapi?

Kuchagua, basi? Chagueni bei na mwendo. Mashine inayorudisha asilimia 90, huo ni wastani wa mizunguko mingi mno, si ahadi ya jioni yako. Kwa sarafu ya 200, mizunguko 10 kwa dakika, saa moja umezungusha 120,000 na kwa wastani umeacha 12,000. Ya asilimia 95 ingekula 6,000. Lakini ukienda mizunguko mitatu kwa dakika, ile ile ya 90 inakula 3,600. Mwendo umeishinda asilimia, mnaona?

Kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha nacho kiangalieni. Dubwi la kufichwa nyuma ya genge likikudhulumu, utamshitaki nani? Na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, hilo halina mjadala.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza: aliinuka, aliyekaa baada yake akapata palepale, je, hela ile haikuwa yake? Hapana, mdogo wangu. Ungebaki, ungebonyeza nukta nyingine, ukapewa namba nyingine. Ile ilikuwa ya kidole chake.