Gitaa Moja kwa Mkusanyaji: Linatosha au Halitoshi?

Mabibi na mabwana, ndugu wapenzi wa gitaa,

Mkusanyaji wa magitaa akiulizwa angebaki na lipi kama angeruhusiwa moja tu, mara nyingi hutaja lile la thamani kubwa kuliko yote. Naamini hapo ndipo anapokosea, na mazungumzo yetu ya leo yatazunguka kosa hilo. Gitaa moja linaweza kumtosha, tena likamtosha vizuri. Ila huenda lisiwe lile bora kabatini. Litakuwa lile ambalo yuko tayari kulitoboa, kulibadilisha waya na kulichakaza mpaka freti zake, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, ziishe. Anayetaka gitaa libaki kama lilivyotoka kiwandani hawezi kutosheka na moja, maana gitaa la pekee ni gitaa linaloliwa, yaani linalochakaa, kila siku.

Tuanze na sikio na mkono. Magitaa mawili ya umeme yakitofautiana, tofauti inatoka wapi? Kwanza ni urefu wa uzi unaotetema, kuanzia kile kipande chenye mifereji kwenye ncha ya shingo hadi darajani, pale nyuzi zinapoegemea mwilini. Kampuni ya Fender kwa kawaida hutumia milimita 648, ya Gibson karibu 628, gitaa la klasiki 650. Mvutano hufuata mraba wa urefu huo. Kwa hiyo nyuzi zilezile, kwa sauti ileile, huwa laini kwa takriban asilimia 6 kwenye milimita 628 kuliko kwenye 648. Watu wengi hununua gitaa la pili kwa sababu ya asilimia hizo 6, nao hawajui. Wangeweza kuvua seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.010 na kufunga ya 0.0095, wakaipata sehemu kubwa ya ulaini huo. Au washushe nyuzi zote kwa nusu toni, kisha wabane kapo, kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza. Sauti inarudi palepale pa kawaida, lakini urefu wa uzi sasa ni milimita 612, mfupi kuliko hata wa Gibson.

Tahadhari moja kuhusu nyuzi nyembamba. Mvutano ukipungua, shingo hurudi nyuma na nyuzi huanza kukwaruza kwenye freti za mwanzo. Hapo mtu hulaumu nyuzi, akazivua. Dawa ni kupima: bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na mwili, halafu tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7. Inatakiwa iwe karibu milimita 0.25. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, tyuni upya, pima tena. Usizungushe zaidi ya robo kwa mara moja.

Tofauti ya pili ni pikapu, kifaa cha sumaku na koili kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme. Pikapu ya koili moja ina sauti wazi, inayokata, lakini hunasa mvumo wa umeme wa jengo, hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Seth Lover, fundi wa Gibson, aliukabili mvumo huo mwaka 1955 kwa kuunda hambaka: koili mbili zilizounganishwa kinyume, na sumaku zake zimeelekezwa kinyume pia. Mvumo unafutana, sauti ya uzi inajumlika. Gharama yake ni kwamba makali ya juu kabisa hupungua.

Sasa naomba msogee karibu kidogo, kwa sababu magitaa mengi huuzwa kwa kosa ambalo bisibisi ingelimaliza. Bana uzi wa kwanza kwenye freti ya mwisho. Tazama nafasi kati ya tumbo la uzi na kichwa cha sumaku. Kwa pikapu ya koili moja iliyo karibu na daraja, anzia milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba na 2.4 upande wa nyuzi nene. Ile ya karibu na shingo ishushe zaidi ya hapo. Mtu hupandisha pikapu akitafuta nguvu, na kweli nguvu huja, lakini sumaku nayo huanza kuuvuta uzi. Piga uzi wa sita freti ya 12: utasikia sauti mbili zikipishana ndani ya noti moja, na kifaa cha kutyuni kitayumba bila kutulia. Ukijaribu kurekebisha kwa kusogeza uzi darajani hutafika popote. Wapo waliobadilisha daraja zima kwa tatizo hili. Zungusha skrubu mbili za pikapu, ishuke milimita moja, kisha sikiliza tena.

Nobu ya sauti nayo inaonewa. Ukiishusha hadi 7, makali yanakufa, na mpigaji anaamua kwamba gitaa lake halina sauti safi, linahitaji mwenzake. Chanzo ni waya. Waya wa gitaa una uwezo wa kuhifadhi chaji wa karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, na ukishusha nobu, ukinzani wake pamoja na waya huo hugeuka kuwa kichujio cha sauti za juu. Weka kapasita ya pikofaradi 680 sambamba na resista ya kilo-omu 150, kati ya mguu wa kuingizia wa potenshomita, kile kifaa kilicho chini ya nobu, na mguu wake wa katikati. Makali yanabaki unaposhusha. Kwa anayejua kulehemu ni kazi ndogo, na gitaa moja hupata ngazi tatu nne za sauti zinazotumika kweli, kuanzia sauti safi kwa nobu ya 4 hadi mkwaruzo kwa 10.

Sauti zilizofichika si jambo geni. Stratocaster, gitaa la Fender, ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji waligundua kwamba ukiisimamisha swichi kati ya nafasi mbili, pikapu mbili hufanya kazi pamoja na kutoa sauti nyembamba yenye mng'ao. Waliitega kwa mkono kwa miaka mingi. Swichi ya nafasi tano ilikuja kuwekwa kiwandani mwaka 1977. Sauti hizo mbili zilikuwamo ndani ya gitaa lilelile tangu siku ya kwanza.

Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, ni ushahidi mkubwa zaidi. Yeye na baba yake walianza kulitengeneza gitaa lake mwaka 1963, shingo ikichongwa kutoka mbao za fremu ya meko ya zamani, na ndilo lililokuwa gitaa lake kuu katika kazi yote ya Queen. Lina pikapu tatu, na kila moja ina swichi yake ya kuwasha na nyingine ya kugeuza mwelekeo. Fanyeni hesabu: pikapu mojamoja sauti 3, mbilimbili, zikiwa zimeelekeana au zimepingana, sauti 6, zote tatu, sauti 4. Jumla 13, kabla hujagusa nobu hata moja.

Kama mtu anaanza kutafuta la pekee, ningemshauri mwili mzito usio na uwazi, daraja lisilohama, hambaka ya waya nne upande wa daraja na pikapu ya koili moja upande wa shingo. Waya nne ni muhimu, kwa sababu zinaruhusu kuzima koili moja kwa nobu ya kuvuta. Potenshomita ziwe za kilo-omu 500 kwa ajili ya hambaka. Lakini hapo pikapu ya koili moja itakuwa kali mno, kwa kuwa imezoea 250. Unganisha resista ya kilo-omu 470 kutoka waya wake wa moto, ule unaobeba sauti, kwenda kwenye ardhi, kabla ya swichi: 500 na 470 zikiwa sambamba ni kama 242, na makali yanakaa mahali pake bila kuigusa hambaka. Nasema daraja lisilohama kwa sababu daraja la tremolo linaloelea, lile linalosogezwa kwa mkono ili kuyumbisha sauti, husimama kwa mizani ya springi na nyuzi. Ukishusha uzi wa sita kutoka E hadi D, nyingine tano hupanda. Uzi mmoja ukikatika, zote hupanda. Gitaa la pekee halitakiwi kukufanyia hivyo jukwaani.

Yapo mambo ambayo gitaa moja halifanyi, tusidanganyane. Pikapu ya sumaku haiusikii uzi wa nailoni. Na ukifunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki unaliua: seti ya nailoni huvuta takriban kilo 40 kwa jumla, ya chuma inayoanzia 0.012 huvuta zaidi ya 70. Daraja limeshikwa kwa gundi juu ya mbao nyembamba. Litaanza kunyanyuka upande wa nyuma, mbao itavimba, kisha litang'oka. Gitaa la nyuzi 12 nalo halina mbadala wa kweli. Kupiga kwa kutelezesha bomba la kioo kunataka nyuzi ziwe juu, milimita 2.5 hivi kwenye freti ya 12, wakati vidole vinapenda 1.6. Ukiweka 2, pande zote mbili zitalalamika kidogo, lakini zitafanya kazi. Sauti ya akustika unaweza kuikaribia kwa piezo ya darajani, pikapu isiyotumia sumaku bali inayohisi mtetemo wa daraja, mradi iingie kwenye kifaa chenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Chini ya hapo besi hupotea, na watu husema piezo ni mbaya.

Tufike kwenye kuliwa, maana ndilo jambo linalomuumiza mkusanyaji. Freti mpya ina kimo cha milimita 1.2 hivi. Baada ya miaka ya kupigwa, chini ya nyuzi za kwanza na za pili, kwenye freti tatu za mwanzo, hujichimba vishimo unavyoweza kuvihisi kwa ukucha. Fundi husawazisha freti zote zifikie kishimo kilicho kirefu zaidi, na kila usawazishaji huondoa sehemu ya kumi ya milimita au mbili. Zikikaribia 0.7, kidole hugusa mbao kabla uzi haujashikwa vizuri, na kuvuta uzi kunakuwa kazi ngumu. Kwa hiyo gitaa linalopigwa kila siku husawazishwa mara mbili tatu, halafu freti zote hung'olewa. Ukifika hapo, weka za chuma kisichoshika kutu. Ni ngumu zaidi kufanyia kazi na fundi atatoza zaidi, lakini hudumu muda mrefu sana.

Gitaa la kale lenye kila kitu chake cha awali halivumilii maisha hayo. Kila freti inayong'olewa, kila kiungo cha risasi ya kulehemu kinachoyeyushwa, huondoa kile ambacho mkusanyaji alikilipia. Akilipiga anapoteza thamani, asipolipiga hana gitaa. Na kama ubao wake wa vidole ni wa jamii ya Dalbergia ya Brazili, mti mgumu wa thamani, kuna sheria pia: mti huo umo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1992, na hauvuki mipaka bila vibali. Jamii nyingine zote za Dalbergia, pamoja na mpingo wetu, zote zimo kwenye Kiambatisho cha Pili tangu 2017, ila ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa kwa miti hiyo mingine zilisamehewa mwishoni mwa 2019.

Tazameni upande wa pili gitaa la mwanamuziki wa Marekani Willie Nelson, Martin N-20 la nyuzi za nailoni analolitumia tangu 1969. Gitaa la aina hiyo halina kinga ya kucha, kwa kuwa halikuundwa kupigwa kwa pleki, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi. Pleki imelichimba hadi likapata tundu jingine kati ya tundu la sauti na daraja. Ndani yake kuna pikapu iliyohamishwa kutoka gitaa lake la awali lililovunjika. Kwa mizani ya mkusanyaji, kila alichokifanya ni uharibifu. Nami nasema kwa dhati, huo ndio utimilifu wa gitaa.

Magitaa mengi nayo yana deni lake. Magitaa 10, nyuzi zikibadilishwa kila miezi mitatu, ni seti 40 kwa mwaka na saa 20 za kufunga na kutyuni, kabla hujapiga noti. Ya akustika yanataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Ukishuka chini ya 40, mbao hunywea, ncha za freti hutokeza pembeni na uso wa gitaa huzama, mwisho hupasuka.

Mwenye shaka ajipime kwa siku 90. Achague moja, mengine ayafunge kwenye kasha zake, nyuzi zikiwa zimeshushwa toni moja. Awe na daftari. Kila anapolitamani jingine aandike lipi, na kwa sauti gani, halafu ajaribu dakika 15 na lililo mkononi: abadili pikapu, ashushe nobu, asogeze mkono wa kupiga karibu na daraja au juu ya shingo, abadili pleki. Kisha aandike alipata au hakupata. Siku ya 90 ahesabu zile "hakupata". Zikiwa zote ni za nailoni, jibu lake ni mawili. Zikiwa za kutaka kuliona tu, kulishika, kunusa kasha likifunguliwa, hiyo ni hamu ya kukusanya, ni ya kweli, wala hakuna haja ya kuivisha nguo ya sauti.

Na akiamua kuyauza yaliyobaki, kila alichokibadilisha akirudishe kwanza. Pikapu ya awali, skrubu zake, hata kapasita ya zamani, viwe vimetunzwa kwenye mfuko ulioandikwa namba ya gitaa husika. Apige picha ya waya kabla ya kuyeyusha risasi yoyote. Ndani ya kasha, kichwa cha gitaa kisiguse ukuta, na shingo iegemee kitu laini karibu na freti ya tatu. Magitaa mengi huvunjika kichwa safarini kwa kukosa kitambaa kimoja tu mahali hapo.