Sanamu za Faini Mlangoni mwa Uwanja: Haki na Hila katika Michezo ya Olympia ya Kale

Ndugu mwenyekiti, walimu, makocha, na ninyi wanariadha vijana mliojaza safu za nyuma: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimepewa mada pana, michezo ya Wagiriki wa kale, nami nitaishika upande mmoja tu, upande wa haki na hila. Ikitajwa Olympia ya kale, wengi wetu tunawaona watu wenye moyo safi, waliokimbia kwa ajili ya tawi la mzeituni, wasiojua fedha wala ujanja. Haikuwa hivyo. Wagiriki wale walihonga, walipanga matokeo, na walihama mji wao kwenda kuuchezea mji wenye watawala matajiri. Astylos wa Kroton alishinda mbio pale Olympia mwaka 488 KK kwa jina la mji wake. Michezo iliyofuata akajitangaza kuwa mtu wa Syracuse, ili awapendeze wakubwa wa huko. Watu wa Kroton waliiangusha sanamu yake, na nyumba yake wakaigeuza jela. Kwa hiyo tusiwasome kama malaika. Tuwasome kama watu waliojua kwamba palipo na heshima kubwa, hongo haiko mbali, na wakaamua kupambana nayo mbele ya macho ya kila mtu.

Kwanza mahali penyewe. Olympia haikuwa mji. Ilikuwa sehemu ya ibada, viwanja vitakatifu vya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, upande wa magharibi wa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, chini ya usimamizi wa watu wa Elis. Kila baada ya miaka 4, katikati ya joto kali la kiangazi, watu walimiminika pale kutoka kila pwani waliyoishi Wagiriki. Kumbukumbu zao zinaanza mwaka 776 KK, na mshindi wa kwanza kuandikwa ni Koroibos, mpishi wa Elis. Siku hizo palikuwa na shindano moja tu: mbio za urefu wa uwanja mmoja, karibu mita 192. Baadaye zikaja mbio za kwenda na kurudi, mbio ndefu, miereka, shindano la michezo mitano, ngumi, mbio za magari ya farasi wanne, na pankratio, pambano la mateke, ngumi na kabari ambalo ndani yake vilikatazwa viwili tu: kuuma na kutoboa macho. Marathoni haikuwamo. Hiyo ilianzishwa Athens mwaka 1896, michezo ilipofufuliwa.

Mshindi wa Olympia alivikwa taji la mzeituni mwitu. Palikuwa na michezo mingine mikubwa yenye mataji yake: Delphi walitoa taji kutoka kwenye mti wa mungu wao Apollo, Nemea walitoa la seleri, na Isthmia, jirani na Korintho, lilikuwa la msonobari, kisha kwa muda mrefu la seleri iliyonyauka. Mtume Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba wote hupiga mbio lakini mmoja tu ndiye apokeaye tuzo, na kwamba wanariadha hujinyima ili wapate taji iharibikayo, anazungumza na watu ambao michezo hiyo inafanyika mlangoni pao. Waliomsikiliza walikuwa wameyaona hayo majani.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Taji lilikuwa la majani, lakini yaliyomsubiri mshindi nyumbani hayakuwa majani. Solon, mtunga sheria wa Athens, aliweka drakma 500 kwa kila mwananchi atakayeshinda Olympia, na tumeandikiwa kwamba katika zama zake kondoo mmoja alikuwa na thamani ya drakma moja. Athens ilimlisha mshindi bure maisha yake yote kwa gharama ya mji. Katika michezo ya Athens yenyewe, karne ya 4 KK, mvulana aliyeshinda mbio fupi alipewa mitungi 50 ya mafuta ya zeituni, kila mtungi ukijaa karibu lita 38. Wa pili alipata mitungi 10. Lakini Olympia wa pili hakupata kitu. Hapakuwa na medali ya fedha wala ya shaba, na jina lake halikuandikwa. Mshairi Pindar anawaeleza walioshindwa wakirudi kwao kwa kupita vichochoroni, wakiwakwepa adui zao, wala hakuna mama wa kuwachekea. Sisi tunamheshimu John Stephen Akhwari kwa kuumaliza mwendo wa marathoni wa Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limeumia. Nadhani katika jambo hili tumewapita Wagiriki mbali sana.

Sasa fikirini: mmoja anapata vyote, wengine wote wanapata aibu. Mazingira hayo yanazaa hongo. Watu wa Elis walilijua hilo, wakajenga ulinzi.

Ulinzi wa kwanza ulikuwa kiapo. Katika jengo la baraza pale Olympia ilisimama sanamu ya Zeus mwenye viapo, radi mkono huu na radi mkono ule. Msafiri Pausanias, aliyepita pale karne ya 2 BK, anasema kwamba kati ya sanamu zote za Zeus hiyo ndiyo iliyotengenezwa kuwatia hofu wadanganyifu. Mbele yake waliweka vipande vya nyama ya nguruwe dume. Mwanariadha alisimama pale akaapa kwamba hatafanya hila yoyote, na kwamba kwa miezi 10 mfululizo amefanya mazoezi kama inavyotakiwa. Naomba makocha mlisikie hili vizuri: hakuapa peke yake. Baba yake aliapa, ndugu zake wa kiume waliapa, na kocha wake aliapa. Walijua kwamba kijana mara chache huharibika bila mkono wa mtu mzima. Kisha wakaapa waliopewa kazi ya kuwachuja wavulana na farasi wadogo: kwamba wataamua kwa haki, bila kupokea zawadi, na kwamba sababu za kumkubali au kumkataa mtu watazifunga kifuani.

Waamuzi hao waliitwa Hellanodikai, na kwa sehemu kubwa ya historia walikuwa 10. Kabla ya michezo waliishi miezi 10 katika nyumba yao maalumu mjini Elis, wakifundishwa sheria na waliozijua. Miezi 10 ya kujifunza kuamua! Leo semina ya marefa ikizidi siku tatu tunalalamikia posho. Na pembeni yao walisimama watu wenye fimbo. Aliyechomoka kabla ya wakati kwenye mstari wa kuanzia alichapwa palepale, mtu mzima huru, mbele ya maelfu. Mstari wenyewe bado upo Olympia, ni mawe yaliyochongwa mifereji miwili ya kushika vidole vya miguu.

Ulinzi uliobaki ndio uliolipa jina zungumzo langu. Mwaka 388 KK bondia Eupolos wa Thessaly aliwahonga wapinzani wake watatu, mmoja wao akiwa bingwa wa michezo iliyotangulia. Mambo yakafichuka. Wakatozwa faini aliyetoa na waliopokea, wote wanne, na kwa fedha hizo watu wa Elis wakasimamisha sanamu sita za shaba za Zeus. Mahali walipoziweka ndipo ninapotaka mpaone. Si hekaluni, wala si kwenye ghala. Waliziweka kwenye njia ya kuingilia uwanjani, chini ya mlima Kronos, ili kila mwanariadha anayekwenda kushindana apite mbele yake. Maandishi ya moja yalimwambia kwamba Olympia hushindwa kwa wepesi wa miguu na nguvu za mwili, si kwa fedha. Kila kashfa mpya ilipotokea, mstari uliongezeka. Shaba zimepotea zamani, lakini misingi 16 ya mawe ya sanamu hizo ingali pale, na wageni wa leo bado wanapita kando yake kuingia uwanjani.

Tuzichukue kesi chache. Mwaka 332 KK Kallippos wa Athens aliwahonga wapinzani wake katika shindano la michezo mitano. Athens, mji wenye jina kuliko yote, ikamtuma Hypereides, mmoja wa wasemaji wake hodari, akaombe faini ifutwe. Elis wakakataa. Athens ikasusa, haikulipa wala haikuja Olympia. Waliowanyoosha ni makuhani wa Delphi, mahali Wagiriki walipokwenda kumuuliza Apollo mambo yao: walitangaza kwamba Apollo hatawajibu Waathens neno lolote mpaka deni la Olympia lilipwe. Wakalipa, na zikasimama sanamu nyingine sita.

Mwaka 12 KK balaa lilitokea kwa wenyeji wenyewe. Damonikos, mtu wa Elis, alitaka mwanawe Polyktor ashinde miereka ya wavulana, akamhonga baba wa mpinzani, Sosandros wa Smyrna. Waamuzi walikuwa watu wa Elis, na mkosaji ni mtu wa nyumbani kwao. Walimtoza faini. Na waliwatoza akina baba, si wavulana, kwa sababu baba ndio waliotenda kosa. Mimi kesi hii naipenda kuliko zote. Kumhukumu mgeni ni rahisi; hawa walimhukumu mtu wa mtaani kwao, ambaye wangekutana naye sokoni kesho yake, na hawakumtwisha mtoto mzigo wa baba.

Mwaka 93 BK bondia Apollonios wa Alexandria alichelewa kuripoti, akasingizia pepo za kinyume baharini. Mwenzake wa mji uleule, Herakleides, akafichua kwamba jamaa alikuwa akizunguka michezo ya Ionia, pwani ya Asia Ndogo, akikusanya fedha za zawadi. Apollonios akaondolewa, na Herakleides akapewa taji bila pambano. Apollonios akajifunga mikanda ya ngozi mikononi kama anayekwenda ulingoni, akamvamia Herakleides aliyekwisha kuvikwa mzeituni na kukimbilia kwa waamuzi. Upuuzi huo ulimgharimu sana.

Hata Sparta haikusazwa. Mwaka 420 KK Elis iliifungia Sparta kwa kuivunja amani takatifu ya msimu wa michezo, na Sparta ilikuwa ndiyo jeshi la kuogopwa. Lichas, tajiri wa Sparta, akayaingiza magari yake kwa jina la Waboiotia, Wagiriki wa jimbo jingine. Yakashinda. Furaha ikamzidi, akaingia uwanjani kumvika utepe mwendeshaji wake ili watu wajue farasi ni wa nani. Watu wa fimbo wakamchapa hadharani. Mkutano wote ukashikwa na hofu kwamba Sparta itakuja na silaha, lakini haikuja.

Nisiwasifu kupita kiasi, maana haki hiyo ilikuwa na ukuta. Wanawake walioolewa walikatazwa hata kutazama. Kallipateira, binti wa bondia Diagoras wa Rhodes, alijigeuza kocha ili amwone mwanawe akipigana. Kijana aliposhinda, mama akaruka uzio kwa furaha na akajulikana. Sheria ilisema mwanamke wa namna hiyo atupwe kutoka mlima Typaion. Walimwachia, lakini kwa heshima ya baba yake, ndugu zake na mwanawe, wote mabingwa. Kisha wakaamuru makocha nao waingie uchi kama wanariadha wao. Naona kwamba huruma hiyo ilikuwa ya majina ya wanaume wake, haikuwa yake. Wasichana walikuwa na mbio zao kwa heshima ya Hera, mke wa Zeus, katika uwanja uleule, urefu ukipunguzwa sehemu moja ya sita. Na Kyniska, dada wa mfalme Agesilaos wa Sparta, alilipata taji la magari ya farasi mwaka 396 na mwaka 392 KK, kwa kuwa taji lilikwenda kwa mwenye farasi, si kwa aliyeshika hatamu. Aliandikisha kwenye jiwe kwamba katika Ugiriki yote yeye ndiye mwanamke pekee aliyelipata, na kipande cha jiwe hilo kimepatikana.

Ulinzi wote niliousimulia ulianguka mwaka 67 BK, na aliyeuangusha ni Nero, mfalme wa Roma. Michezo ilisogezwa kutoka mwaka wake ili impate. Akaingia na gari la farasi 10, akaanguka, akapandishwa tena, akashindwa kumaliza mwendo. Waamuzi wakamvika taji. Yeye akawapa fedha nyingi. Hapakuwa na Delphi ya kuwatetea wala fimbo ya kumgusa mtu yule. Aliyepaswa kuhukumiwa ndiye aliyekuwa na majeshi.

Mwaka uliofuata Nero alikufa. Galba, aliyemrithi, akawadai waamuzi wazirudishe fedha zile. Na watu wa Elis, katika orodha yao iliyotunzwa tangu Koroibos, wakaiacha nafasi ya michezo hiyo bila kuiandika, na Pausanias anasema ndiyo pekee waliyoifanyia hivyo.

Nina dakika kadhaa zimebaki. Karibuni maswali, na ningependa vijana waanze.