Ua la Mwambani Linaishi kwa Kivuli

Ndugu zangu, hili nimelisema Muheza, nikalisema Korogwe, na leo nalirudia: anayetaka kulilinda ua la Usambara, hili dogo la zambarau linaloota porini kwenye miamba yetu, asilitazame ua, atazame juu, kwenye miti. Habari za yule mtawala Mjerumani wa Tanga aliyelipeleka kwao miaka ya 1890 mnazijua, nazipita.

Mwezi Machi nilisimama mbele ya mwamba mmoja karibu na mto Sigi, mpana kama ukuta wa nyumba. Upande wa kushoto, chini ya mti mkubwa, jiwe lilikuwa bichi, na maua ya zambarau yamejibana kwenye ufa usioingiza hata kucha. Upande wa kulia mti ulikuwa umekatwa. Niliweka kiganja kwenye jiwe, nikakiondoa upesi kwa joto. Mizizi ya mmea huu haina udongo wa kuzama. Inashikilia mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe yenye unyevu, pamoja na majani machache yaliyooza. Hivyo vikikauka, nao umekwisha. Jani nililoligusa lilivunjika kama tumbaku. Na hakuna aliyeng'oa ua hata moja pale!

Mtaniambia, "Mwalimu, miti tumeiacha, tunalima iliki tu chini yake." Najua iliki inapenda kivuli. Lakini mnafyeka na kupunguza miti ili mwanga uingie, na kila msimu jembe linaondoka na miche ya miti. Mti mzee ukianguka, nani anaurithi?

Mwingine husema maua haya hayawezi kupotea, yamejaa madirishani Ulaya. Yale yametokana na wazazi wachache, wakachanganywa na kuchanganywa tena. Aina ya ua hili ya kilima cha Mbololo, kule Taita, Kenya, haioti porini kwingine kokote duniani. Tena ua hili halina asali. Nyuki wake hulikumbatia, akatetemesha mwili mpaka chavua imwagike, na chavua hiyo ndiyo chakula chake. Chungu cha dirishani Berlin kitamlishaje nyuki wa Mbololo?

Nilitaka kuendelea, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Basi: miche ya msambu, mti mkubwa wa asili wa misitu hii, iko tayari kwenye viriba. Jumamosi tunapanda juu ya mwamba ule, upande wa kulia. Njooni na majembe.