Mwezi Unaolala Kama Mtumbwi

(Mhadhara uliotolewa Kisumu, jioni, mbele ya wanafunzi, walimu na wazazi)

Wanafunzi wapendwa, walimu wenzangu, na nyinyi wavuvi mliotoka Dunga kuja kutusikiliza, hamjambo nyote.

Naanza na wavuvi, kwa kuwa wao ndio wanaosoma anga kwa ajili ya riziki. Mvuvi wa omena huingia ziwani na taa zake siku za giza la mwezi. Omena hufuata mwanga, na mbalamwezi ikishatanda juu ya maji, taa haina tena nguvu ya kuwavuta. Kwa hiyo wavuvi wanaijua kalenda ya mwezi kuliko wengi wetu tuliosoma. Lililobaki ni kueleza kwa nini iko hivyo.

Mwezi hauna mwanga wake. Ni jiwe kubwa linalomulikwa na jua, na nusu yake moja ina mchana wakati wote, kama huku kwetu. Unapoizunguka dunia, sisi tunaiona ile nusu yenye mchana kutoka pembe tofauti. Ukiwa upande wa jua, mchana wake unatupa kisogo: hiyo ndiyo giza. Ukiwa upande wa pili, unachomoza jua linapozama na kutumulika mpaka alfajiri. Toka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, na kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika kama 50. Ndiyo maana siku chache baada ya mwezi mpevu mvuvi hupata tena saa za giza mwanzoni mwa usiku.

Kabla hatujaanza, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama si kivuli cha dunia kinachoumega mwezi. Namshukuru, maana watu wazima wengi huamini hivyo. Kivuli cha dunia huufikia mwezi siku za kupatwa kwa mwezi tu. Njia ya mwezi imeinama kwa digrii kama 5 ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua, kwa hiyo miezi mingi hupita juu au chini ya kivuli hicho. Vivyo hivyo kwa jua: miezi mingi kivuli cha mwezi hutukosa kabisa. Tarehe 3 Novemba 2013 kilitupata. Kule Turkana jua lilifunikwa lote kwa sekunde chache, na hapa Kisumu lilimegwa pakubwa.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Fungueni vitabu vyenu. Mwezi mwandamo umechorwa umesimama wima, kama mabano. Aliyeuchora hivyo hakukosea. Alikuwa mbali na ikweta. Hapa petu ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kwa matatu, na jua letu huzama karibu wima, bila kukimbilia pembeni. Likishazama, liko chini ya mwezi, na upande unaomulikwa unaangalia chini. Basi mwezi wetu hulala chali, pembe juu, kama mtumbwi. Mtoto wa Kisumu akichora mtumbwi angani asikosolewe na mwalimu. Amechora alichokiona, na kazi ya sayansi huanzia hapo.

Kuzama huko kwa wima ndiko pia kunakotuletea giza upesi. Jua likigusa ziwa, dakika 2 tu limekwisha. Na mwanga wake huwa umesafiri dakika 8 na sekunde 20 kutufikia.

Kuna jaribio lisilo na gharama. Karibu na tarehe 20 Machi, chomekeni kijiti wima uani. Kivuli chake kitafupika hadi kipotee chini ya kijiti chenyewe. Lakini msisubiri saa sita kamili. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko mbali upande wa magharibi, kwa hiyo jua hutufikia utosini mnamo saa 6:48. Septemba, tarehe 22 au 23, ni mnamo saa 6:34.

Kuhusu ukubwa wa mfumo wa jua nitasema kidogo, kwa punje hii ya mahindi. Tuseme jua ni duara la mita 1. Dunia ni punje hii, iliyowekwa mita 107 kutoka hapo. Mwezi ni kama punje ya wimbi, sentimita 28 kutoka kwenye mahindi. Mshtarii ni chungwa kubwa lililo zaidi ya nusu kilomita. Neptuni iko kilomita 3 na ushei. Huko mtapanda boda. Na nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua? Kilomita karibu 29,000, zaidi ya theluthi mbili za kuizunguka dunia halisi. Katikati yote hayo, karibu kila mahali ni utupu, na uhai tunaoujua uko kwenye punje moja tu.

Tutoke nje sasa, tafadhali. Leo ni siku ya tatu ya mwandamo, na mtumbwi wetu utazama ziwani muda si mrefu. Wadogo wakae mbele.